Fanicha za bobini za kitambo: maswali ninayoulizwa kila mara Nakuru, Kisumu na magharibi

Watu hunipigia, wengine hunishika sokoni na picha kwa simu, na maswali ni yale yale. Nimeyaweka hapa pamoja. Kama jibu liko kwa swali lingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Mambo ya kwanza

Bobini kwa fanicha ni nini hasa?

Fikiria mguu wa meza unaofanana na shanga zilizotungwa kwa uzi, fundo juu ya fundo, na kati ya fundo na fundo kuna kamfereji kembamba. Hiyo ndio bobini. Lakini hakuna kitu kimetungwa hapo, ni kijiti kimoja cha mbao kiliwekwa kwa mashini ya kukereza, kikawa kinazunguka na fundi anakikata na patasi mpaka hayo mafundo yakabaki. Jina linatoka kwa vijiti vya kuzungushia uzi, ndugu wa ile bobini ya cherehani unayoijua, ila za kiwandani zilikuwa ndefu na za mbao.

Wengi huku wanasema tu "miguu ya shanga" na sioni shida yoyote. Neno la Kiswahili la kazi yenyewe ni kukereza na mashini ni kerezo, pwani bado yanatumika. Fundi wa bara akikwambia "taning" ni kitu hicho hicho.

Na ile miguu iliyosokotwa kama kamba, si ni bobini pia?

Hapana, huo ni msokoto. Weka kucha ndani ya mfereji halafu zungusha mkono kufuata huo mfereji bila kuinua. Ukirudi pale pale ulipoanzia, ni bobini. Ukijipata unapanda juu kuelekea kwa meza, ni msokoto. Watu huchanganya juu zote mbili zilipendwa wakati mmoja na mara nyingine ziko kwa kiti kimoja.

Tofauti ni kubwa kwa kazi. Bobini kerezo linaweza kuimaliza, lakini msokoto zamani ulitaka fundi akae chini na patasi na tupa achonge kwa mkono, ndio maana bobini ilikuwa ya bei ya chini na ikaingia hadi kwa nyumba za watu wa kawaida.

Mtindo huu ulianza lini?

Uingereza ulishika sana karne ya 17, kwa mbao za mwaloni na baadaye wolnati. Kitu chake maarufu ni ile meza ya mbawa za kukunja, mguu unafunguka kama geti kushikilia ubawa. Karne ya 18 watu wakaacha, wakapenda miguu iliyopinda. Karne ya 19 ukarudi, na Marekani kati ya 1815 hivi na 1865 viwanda vilikereza vijiti virefu vya bobini kwa wingi, vinakatwa vipande vipande kutengeneza vitanda, meza ndogo na fremu za vioo.

Halafu kuna wimbi ambalo kwetu ndilo muhimu kuliko yote, la miaka ya 1920 na 1930, Waingereza walipoanza tena kupenda sura ya karne ya 17 na viwanda vyao vikatoa meza za kukunja, troli za chai, stuli na makabati kwa maelfu. Hizo ndizo nyingi unazoona huku. Ukishaelewa hilo hutadanganywa kirahisi.

Nimeona kitanda cha mtoto cha shanga shanga kinaitwa Jenny Lind, hicho ni cha kitambo?

Karibu kila mara ni kipya. Jenny Lind alikuwa mwimbaji kutoka Sweden aliyezunguka Marekani kati ya 1850 na 1852, watu wakampenda mpaka jina lake likabandikwa kwa vitanda vya bobini, na kampuni bado zinalitumia. Kama ni cha zamani kweli, usilaze mtoto humo kabla ya kupima nafasi kati ya vijiti. Marekani tangu miaka ya 1970 haziruhusiwi kuzidi takriban sentimita 6, juu kichwa cha mtoto kinaweza kukwama. Na rangi nyeupe ya kitambo mara nyingi huwa na risasi, ile madini ya sumu, mtoto anatafuna ile fremu na wewe huoni, tafadhali.

## Za huku kwetu

Zilifikaje Nakuru na Kisumu?

Kwa reli. Njia ilifika Kisumu mwisho wa 1901, kabla ya hapo mzigo kutoka pwani ulibebwa kwa kichwa na hakuna mtu angebebesha wenzake kabati la mwaloni. Walowezi wakaja kushika mashamba Njoro, Molo, Subukia, Gilgil, na sanduku zao zikashushwa steshoni. Walipoanza kuondoka karibu na uhuru wa 1963 na miaka iliyofuata, wengi waliuza vitu pale pale shambani ama waliwaachia waliokuwa wakiwafanyia kazi. Ukitaka kuona nyumba za wakati huo zilikuwa na ukubwa gani, nenda ile kasri ya Lord Egerton Njoro, ilijengwa kuanzia 1938 hadi 1954 na chuo cha Egerton ndio kinaitunza.

Meza yetu ya nyumbani ilikuja hivyo. Babu alipewa na mzungu wa Molo aliyekuwa anafunga nyumba, akaibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe, na sisi tulikulia chini yake, navijua vile vishanga kwa vidole kabla sijajua vinaitwa nini.

Kuna zilizotengenezwa hapa hapa Kenya?

Ziko, na hizi ndizo ningependa watu waache kuzidharau. Reli ilileta mafundi wengi kutoka Punjab na wengine walibaki, wakafungua karakana miji ya reli, wakafundisha vijana wa hapa, na mteja akija na kiti cha kwao alichokivunja ama picha kwa katalogi, fundi anakereza kingine kwa mvule ama kamfa. Unakuta meza ina sura ya Uingereza kabisa lakini mbao ni ya Kenya na mikono ni ya hapa.

Muuzaji akikwambia "hii si orijino ni ya fundi wa mtaa" anafikiri amekupunguzia bidhaa. Mimi hapo ndipo huanza kuangalia vizuri. Ile ya kiwanda cha Uingereza ya 1930 ilitoka na zingine elfu zinazofanana nayo, na hii ya mvule labda iko peke yake duniani. Tena mvule una mawe ndani, vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo hujijenga ndani ya mti wenyewe, patasi ikigonga kimoja kwa kerezo inapoteza makali papo hapo. Kukereza mafundo kumi na mbili yanayolingana kwa mbao kama hiyo, miguu minne, na vipau vya chini vinavyounganisha miguu, si kazi ya kubezwa.

Nina kiti chekundu chenye dhahabu, mafundo mafundo, kilitoka kwa familia ya Wahindi Kisumu. Ni cha aina hii?

Ni binamu yake. Hiyo inaelekea ni kazi ya Sankheda, mji wa Gujarat ambako wanakereza mbao za msaji halafu wanapaka laka ya rangi ya damu ya mzee na michoro ya dhahabu. Usiipake vanishi juu wala kuisugua na spiriti, laka inatoka na michoro yote. Kitambaa kikavu laini kinatosha. Pwani pia kuna vitanda vya samadari vyenye miguu ya kukerezwa, lakini hizo ni hadithi ya siku nyingine.

Naweza kuzipata wapi?

Ukweli ni kwamba hazipo dukani. Zinatoka kwa nyumba mtu akihama, kwa minada ya mali ya marehemu, kwa wanaouza fanicha kuukuu kando ya barabara, na sana sana kwa store ya shosho nyuma ya magunia. Kibuye, lile soko la Kisumu, zungukia upande wa mafundi, usiangalie zile mpya zilizopangwa mbele, angalia kile kilichorundikwa nyuma kikingoja kuvunjwa kiwe stuli. Nakuru nimepata kipau kizuri sana kikitumika kushikilia waya wa kuanikia nguo.

## Kujua umri na ukweli wake

Muuzaji anasema ni ya miaka 300, najuaje?

Anza kwa kukataa kwa heshima, halafu ipindue meza juu chini. Za miaka 300 huku ni nadra sana, kwa sababu niliyoeleza kwa swali la mtindo ulianza lini.

Mbao ikikerezwa ikiwa mbichi kidogo, vile walivyofanya zamani, hukauka ikinywea upande mmoja kuliko mwingine, kwa hivyo fundo lililokuwa duara linakuwa yai kidogo. Pima fundo moja na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, zungusha robo, pima tena. Ukipata tofauti ya milimita moja ama mbili hiyo ni dalili nzuri. Duara kamili mafundo yote ni mashini na mbao iliyokaushwa vizuri. Usinunue kwa dalili moja lakini.

Kisha linganisha miguu. Ya mkono haifanani kabisa, fundo la tatu hapa limenona kuliko la tatu pale, na mara nyingine ndani ya mfereji unaona kamstari alikopimia fundi. Angalia pia kipau cha chini cha mbele, pale miguu ya watu huegemea, kiti kilichotumika miaka mingi mafundo yamelika upande wa juu yakawa bapa na upande wa chini bado ni mazima. Ikiwa imelika kote sawasawa, mtu alitumia msasa kuzeesha.

Skrubu zinasema nini?

Zinasema mengi. Skrubu isiyo na ncha, butu mbele, na mkato wa kichwa haujakaa katikati, ni ya kabla ya miaka ya 1850 hivi. Yenye ncha kali ni ya baada ya hapo. Yenye msalaba kichwani ni ya kuanzia miaka ya 1930. Lakini skrubu hubadilishwa, kwa hivyo tazama kama tundu lina kovu la skrubu nyingine.

Na mbao nitajuaje ni gani?

Kwangua mahali pasipoonekana, chini ya droo, nusa. Kamfa ina harufu yake ya dawa hata baada ya miaka hamsini, mutarakwa unanukia penseli. Mwaloni una mikwaruzo inayong'aa kama magamba ya samaki ukiinamisha kwa mwanga. Mvule ni wa dhahabu ukiwa mpya, unaiva mpaka kahawia, na vumbi lake likikuingia puani utapiga chafya siku nzima. Podo ni nyepesi, rangi ya maziwa ya chai, haina mistari ya kusema. Mbao inayoitwa Elgon ni nzito na ina michirizi meusi mizuri sana.

Kabati langu lina nusu bobini zimebandikwa mbele, zimekatwa katikati. Zilivunjika?

Hazikuvunjika, ndivyo zinavyofanywa na ni kazi ya akili. Fundi anagundisha vipande viwili vya mbao pamoja, anakereza kama kimoja, kisha anatenganisha pale kwenye gundi na anapata nusu mbili zinazolingana kama pacha, upande mmoja bapa wa kubandika. Zamani zilipakwa nyeusi zionekane kama mpingo. Usiikwangue hiyo nyeusi ukidhani ni uchafu.

## Kuitunza

Vumbi la katikati ya mafundo nalitoaje?

Nakuru hili ni swali namba moja, hata jina la mji watu husema limetoka kwa Kimasai, mahali pa vumbi. Chukua ukanda wa shuka kuukuu la pamba, upana wa kidole, uzungushe mara moja ndani ya mfereji, shika ncha mbili na uvute huku na huku kama mtu anayepiga viatu rangi. Mfereji kwa mfereji. Kama uchafu umeganda, lowesha ukanda kidogo sana na maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kamua mpaka usidondoke, halafu fuata na ukanda mkavu. Mswaki laini ni sawa, waya wa sufuria hapana.

Baada ya hapo nta ya nyuki. Yeyusha nta kwa bakuli lililokaa ndani ya maji moto, toa jikoni kabisa, ndio uongeze tapentaini ukikoroga mpaka iwe laini kama mafuta ya kujipaka. Usiyeyushe juu ya moto wenyewe, tapentaini inashika moto. Paka kidogo, acha saa moja, sugua. Mara moja ama mbili kwa mwaka inatosha, ukizidisha inajaa kwa mifereji na kushika vumbi upya.

Nitoe vanishi ya zamani nipake mpya?

Ngoja kwanza. Weka tone la spiriti kwa pamba, gusa mahali pamejificha. Ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti, na shelaki ya kitambo inaweza kufufuliwa bila kuondolewa, fundi mzuri anapitisha kitambaa chenye spiriti na shelaki kidogo na inang'aa. Isipolainika mara nyingi ni vanishi ya baadaye, hapo una uhuru zaidi.

Mimi nilipeleka stuli mbili za mama kwa fundi mmoja, sikumwambia kitu, nikafikiri anajua. Akatumia msasa wa mashini. Niliporudi mafundo yalikuwa yamepunguka, kila moja limekuwa na bapa upande mmoja kama ndizi iliyokaliwa, na ile rangi ya miaka sitini ilikuwa vumbi sakafuni. Haikuwa ubaya wake, hakuna aliyemwambia, lakini haiwezi kurudi. Sasa huwa nasimama hapo hapo na kusema: mashini isiguse mafundo. Na rangi ya mafuta nyeupe ile ya kwa picha za intaneti, kama kitu ni cha mvule ama cha mwaloni wa zamani, nakuomba usiipake.

Kuna vitobo vidogo na unga chini, ni hatari?

Unga ukiwa mweupe mpya, na ukifagia leo kesho uko tena, wadudu wako hai ndani. Vitobo bila unga vinaweza kuwa vya zamani. Kitu kidogo kama kinara ama fremu, funga kwa karatasi ya plastiki isiyopitisha hewa na uweke kwa friza kali wiki mbili, majumba ya makumbusho hufanya hivyo. Meza haiingii friza, hiyo tumia dawa ya mbao ya hadiwea, piga kwa sindano ndani ya vitobo na upake sehemu zisizo na vanishi, na uitenge na fanicha zingine.

Miguu imelegea tangu nihamie Nakuru kutoka Kisumu, kwani nini?

Ni hewa. Kisumu kuna unyevu wa ziwa, Nakuru iko juu na Januari na Februari kunakauka sana, mbao inanywea na ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia kwa kiungo, unacheza ndani ya tundu. Ukihamia Kisumu ndio droo zinakwama na kuvu linaota nyuma ya kabati, iache sentimita kadhaa kutoka ukutani.

Usipige msumari. Misumari ndiyo iliyoua fanicha nyingi za kitambo huku, inapasua ulimi na siku ya kutengeneza vizuri hakuna kitu cha kushika. Gundi ya zamani ilikuwa ya ngozi, inalainika na maji moto, kwa hivyo kiungo kinafunguka bila kuvunja, unasafisha, unagundisha tena, unakaza na kamba usiku mzima. Na usiweke karibu na dirisha la jua la mchana.

Fundo moja limevunjika, fundi anaweza kukereza lingine?

Anaweza, mradi umpe mguu wenzake wa kuiga na mbao ya aina ile ile. Mwambie akereze kipande kilichopotea tu, akiunge kwa kijiti cha ndani, asibadilishe mguu mzima. Tunza kipande kilichovunjika hata kama ni kibovu. Mbao za zamani zitafute kwa fremu za milango iliyong'olewa, mbao nzuri za asili siku hizi ni za kutafutwa.

## Vitu vidogo

Mbali na fanicha, watu wanakusanya nini?

Vinara vya mishumaa, fremu, raki za bomba la tumbaku, magurudumu ya kusokotea uzi. Kuna pia bobini zenyewe, za mbao za viwanda vya nguo, ncha zina ukingo wa chuma. Stott Park kaskazini ya Uingereza ilizikereza kuanzia 1835 hadi 1971 na sasa ni makumbusho. Halafu kuna vile vijiti vyembamba kama penseli vya kufumia lesi, vya mbao ama mfupa, vingi vya Uingereza vina kishada cha shanga mwishoni cha kuvipa uzito. Shosho mmoja Kakamega alifundishwa lesi na masista, alinionyesha vyake vimefungwa kwa leso, hakuwa anauza na sikumuuliza bei.

## Bei na sheria

Nitapata pesa nyingi?

Usitegemee. Hata Uingereza fanicha za mbao nzito zimeshuka bei sana miaka hii, vijana wanataka vitu vyepesi. Nunua unachotaka kukaa nacho. Vinavyopandisha ni shelaki ya kwanza bado iko, miguu yote ya asili, na hadithi unayoweza kuthibitisha, risiti, picha ya zamani, barua. Andika hiyo hadithi leo wazee wakiwa hai, nyuma ya picha ya meza yenyewe.

Ina kipande cheupe kimepachikwa, ni pembe ya ndovu?

Tazama na kioo cha kukuzia. Mfupa una vidoti na vistari vyeusi vifupi, mahali damu ilipita. Pembe ni laini, ina mistari inayokatizana kama wavu. Ikiwa pembe, jua Kenya huruhusiwi kuiuza, na kuwa nayo bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, haijalishi ni ya kitambo kiasi gani. Usiing'oe uitupe wala usiipeleke sokoni, nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, uwaulize.

Binti yangu yuko ng'ambo anataka nimtumie meza ya babu, naweza?

Kitu kilichotengenezwa ama kuingizwa Kenya kabla ya 1895 sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inakihesabu kama kitu cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Nyingi za kwetu ni za baada ya hapo, reli yenyewe ilikuwa haijafika, lakini uliza Makumbusho ya Taifa kabla ya kulipia kontena, ukiwa na picha. Ikiwa ni mbao za rozi, zile za familia ya mpingo, kuna pia vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Na kama ni ile ya kukunja, funga kila mguu peke yake na shuka kisha karatasi, mafundo yasigusane. Usizungushe selotepu juu ya mbao, ikitolewa inaondoka na shelaki.